Aliyemlaza Mzee Mwinyimvua

Mzee Mwinyimvua, mshona makubadhi wa Mtaa wa Sikukuu, alisema mengi maishani mwake, lakini yaliyobaki midomoni mwa watu wa Kariakoo ni yale aliyoyasema kortini. Hakimu alimwuliza kama ana hakika kwamba mtu aliyemwona alfajiri akiteremka kutoka paa la duka la Mhindi, majora ya kitambaa cha bafta begani, ndiye huyu Bushiri wa Buguruni aliyesimama kizimbani. Mzee akashika kiuno chake kibovu, akainuka taratibu kwenye kiti alichoazimwa kwa ajili ya mgongo, akamwelekezea kidole.

"Ndiye. Sura hii sitaisahau mpaka naingia kaburini."

Bushiri akapata miaka saba na kazi ngumu. Mzee akapata sifa. Kila alipokatiza sokoni vijana walimchokoza, "Mzee, ile sura bado unayo?" naye akawajibu, "Ninayo. Kaburi liko mbali."

Halikuwa mbali. Mwaka haukutimia, homa ikamwangusha, na Alhamisi moja asubuhi ya mwaka wa hamsini na sita akakata roho. Laasiri ya siku hiyo hiyo wanaume wakamchukua kwenda kumzika Kisutu.

Mkewe, Bi Sitara, hakuliona jeneza likitoka. Alikuwa amekwisha kuingizwa chumba cha ndani, kavuliwa bangili na vipuli, kavishwa nguo nyeupe, na mlangoni kumetundikwa pazia. Huko ndiko atakakokaa eda yake, asionekane na mwanamume asiyemhusu. Alikuwa mwanamke wa sala tano na nyiradi, aliyesoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya shule, asiyependa kabisa habari za mizimu na vivuli. Shoga zake walipozianza aliwaambia wakatie udhu. Na alikuwa mtu wa kuona kwanza na kusema baadaye. Mara nyingi hakusema kabisa.

Wanaume waliporudi makaburini walikaa barazani, kahawa ikapita, na maneno yao yakawa yanaingia ndani vizuri tu.

"Lakini yule bwana mrefu mlimwona?"

"Nani asiyemwona! Katokea pale Mnazi Mmoja, kaingia chini ya jeneza, basi tena. Wenzake wanapokezana, yeye habadilishani."

"Mkono mmoja kwenye jeneza, mmoja kifuani. Njia nzima hakuuondoa. Nikasema, huyu ana huzuni ya kweli."

"Na kaburini je? Pameulizwa nani atashuka na ndugu wa marehemu, watu wanatazamana, yeye kashavua shati, kashateremka!"

"Ni nani hasa, Bwana Sadalla?"

Sadalla alikuwa mdogo wake marehemu, mtu mfupi mwenye kupenda kujulikana kwamba anajuana na watu. Akakohoa kidogo.

"Huyo ni wetu. Wa upande wa Kilwa."

"Mashaallah. Watu wa Kilwa wana utu."

Wanawake mle ndani wakatazamana kwa fahari, mmoja akamgusa mfiwa goti kumpa hongera. Bi Sitara alijua marehemu hakuwa na mtu Kilwa. Tena alikuwa amechungulia kwenye upenyo wa pazia akamwona shemeji yake: kichwa wazi, bila kofia; koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kwa joto lile; na chini ya koti kanzu chakavu yenye udongo, iliyoishia kwenye ugoko kama ya mtoto wa chuo aliyerefuka ghafla. Asubuhi Sadalla alivaa koti hilo hilo, lakini kanzu iliyotokea chini yake ilikuwa inaburuta.

Akaliona, akaliweka.

Siku ya pili yake, watu wametoka kusali Ijumaa na wamerudi matangani, gari la polisi likasimama mlangoni. Akashuka inspekta wa Kizungu, mwekundu kwa jua, na nyuma yake askari jela mmoja ambaye kofia yake ilikuwa mkononi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Askari huyo aliitwa Kasmir, Mkristo wa Rombo, kijana mpole ambaye Dar es Salaam alikuwa hajaimaliza hata mwaka. Inspekta akamwamuru aseme mwenyewe aliyoyafanya, mbele ya watu, apate kuona haya. Haya alikuwa nayo tayari.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Jana nilikuwa Mnazi Mmoja na wafungwa wangu, wanafyeka majani. Maiti yenu ikapita. Nikaona mambo ambayo kwetu sijapata kuyaona. Karani mzima na tai yake kaitupa baiskeli chini, kakimbilia kubeba. Mwenye mkokoteni kauacha mkokoteni na nazi zake katikati ya barabara, kaenda kubeba. Wanabeba hatua chache, wanatoka, wanaingia wengine, hakuna anayemwuliza mwenzake jina. Basi mfungwa wangu mmoja akanipigia saluti. Akasema, afande, kwetu sisi Waislamu kumwacha maiti akapita hivi hivi bila kumpa bega ni kukosa thawabu kubwa. Nipe ruhusa hatua chache tu."

"Ukampa?"

"Nikamwambia, nenda, lakini urudi."

Mtu mmoja akacheka, akakumbuka yuko matangani, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Sasa bwana, na nguo za jela?"

"Nguo za jela nyeupe, kanzu zenu nyeupe. Kifuani ndiko kwenye namba, na kifuani aliweka mkono. Nikasimama. Nikangoja. Hata mlipokwisha kupotea kule mbele, mimi nangoja. Niliwaza labda hatua chache zenu ni nyingi kuliko zetu."

"Na jina lake?" akauliza Sadalla.

"Bushiri. Bushiri wa Buguruni."

Kila mmoja aliyekuwa amemsifu bwana wa Kilwa alikuwa sasa anaitafuta kofia yake kichwani kuona kama bado ipo. Kisha mzee mmoja akanong'ona, si kwa kutaka, maneno yamemtoka tu:

"Sura hii sitaisahau mpaka naingia kaburini."

"Kimya!" Inspekta alikuwa anakijua Kiswahili, lakini alikiongea kama anayetoa amri kwa farasi. "Sikiliza wote. Leo asubuhi mbwa ya polisi nanusa Mnazi Mmoja, nafuata mpaka Kisutu, nafika kaburi ya mzee. Nakaa juu. Hapana taka ondoka."

"Mbwa! Juu ya kaburi!"

"Lailaha illallah!"

"Kimya! Mimi nauliza watu hamsini. Wote nasema Bushiri naingia ndani ya kaburi, kifua wazi. Hapana hata mmoja naona yeye natoka. Kama mtu naingia na hapana toka, iko wapi?"

Hesabu yenyewe ilikuwa sawa.

"Kesho asubuhi serikali nafungua kaburi. Pole sana kwa mama."

Akaingia garini. Pole hiyo ikapita pazia ikamkuta Bi Sitara kwenye mkeka wake.

Hakulia. Alikaa na tasbihi yake mkononi bila kuihesabu. Kufukuliwa mumewe kwa majembe, mbele ya mbwa na watu, hata siku tatu za matanga hazijesha, hilo peke yake lilitosha. Lakini chini yake palikuwa na jingine lililomtisha zaidi, nalo hakuthubutu kulitamka. Mtu aliyefungwa kwa ulimi wa Mwinyimvua alikuwa ameachwa pamoja na Mwinyimvua ndani ya shimo, shuka limetandwa juu, watu hawaoni. Alimfanya nini? Alimlaza ubavu wa kulia, uso kibla, shavu kwenye udongo? Au alimgeuzia kibla kisogo, amlipe miaka yake saba mpaka siku ya kiyama? Kaburi likifunguliwa atajua. Akajikuta kipande kidogo cha moyo wake kinataka lifunguliwe, akaona aibu mbele ya Mungu, akavuta tasbihi.

Magharibi haijaadhiniwa, jirani yake Kijakazi akaingia mbio, kanga imemtoka begani.

"Da Sitara, nishike! Kariakoo imeharibika."

"Kaa kwanza. Nini tena?"

"Shaibu muuza kahawa. Kamwona marehemu!"

"Marehemu gani?"

"Mumeo, shoga yangu! Jana, watu bado wako makaburini, yeye Shaibu kakaa na birika lake pale Msimbazi. Mara huyo, Mzee Mwinyimvua, anapita zake anaelekea upande wa Buguruni. Mrefu vile vile, kofia imeshuka machoni, na kanzu yake ile ya melimeli yenye darizi nyekundu. Shaibu hana habari kama mzee kafa. Akamwamkia, shikamoo mzee. Na mzee akainua mkono, akamwitikia marahaba! Leo kaambiwa jana ulimwamkia maiti, birika limemwangukia mguuni. Yuko kitandani anasomewa Yasini."

Wanawake wote wakajikunyata upande mmoja wa mkeka. Siku nyingine Bi Sitara angewaambia wakatie udhu. Safari hii aliuliza swali moja tu.

"Kanzu ya darizi nyekundu? Ana hakika?"

"Nani asiyeijua kanzu ile? Kila Ijumaa tunaiona."

Bi Sitara alimjua mumewe ameondoka na nini duniani: vipande vitatu vya bafta, pamba na kafuri. Aliikata sanda ile kwa mkono wake. Akasimama, akavuta sanduku la mbao lililo chini ya kitanda, akalifungua. Misuli ilikuwemo, kanzu za kushindia zilikuwemo, shuka la Idi lilikuwemo. Kanzu ya melimeli haikuwemo.

Akafunga sanduku.

"Kijakazi, mtoe kila mtu humu, nenda kaniitie shemeji Sadalla. Mwambie asimame nje ya pazia. Asipotaka kuja, mwambie nimeiuliza kanzu."

Sadalla alikuja upesi kuliko alivyokuja siku yoyote. Kivuli chake kikasimama nyuma ya pazia, kifupi, bado kimo ndani ya koti.

"Nakusikiliza, shemeji."

"Jana asubuhi uliingia humu kuchukua vitu vya kuoshea. Ukatoka na nini?"

"Shemeji, huu si wakati wa…"

"Ulitoka na nini?"

Kivuli kikahema.

"Nilitaka nimsindikize kaka yangu nikiwa nadhifu. Mimi ndiye mwenye maiti, watu wote wananitazama mimi. Ningekwenda na kile kikanzu changu chenye kiraka? Nikavaa koti juu yake, isionekane kama nimeanza kurithi kabla hajapoa."

"Na ilikuwa inaonekana."

"Ilikuwa inaonekana," akakiri. "Ilikuwa ndefu. Nimejikwaa mara ngapi."

"Sasa iko wapi?"

Ndipo akamweleza. Kwenye ukingo wa kaburi alivua koti, kanzu na kofia, akavitundika kwenye mwarobaini ulio karibu, akashuka na msuli wake. Bushiri alikuwa amekwisha kuwa chini. Walipomaliza kumlaza maiti na mbao zikapangwa, shuka likaondolewa, watu wote wakainama kuchota mchanga wa kumtupia. Katika kuinama kule ndipo Bushiri alipopanda. Sadalla naye alipopanda, mtini palikuwa na koti tu linapepea. Akaazima kanzu ya mchimba kaburi.

"Kwa hiyo watu walikuwa wanamngoja kifua wazi atoke," akasema Bi Sitara polepole, "naye kasimama kati yao na kanzu ya marehemu."

"Alitupa mchanga na yeye, shemeji! Nilimwona mgongo tu, mtu na kanzu, anatupa mchanga na kuomba dua. Nikasema moyoni, huyu anafanana na kaka. Sikuwaza."

"Na mbwa wa polisi?"

"Shati lake la jela. Alilikunja akalificha juu ya mbao, kwenye udongo. Nilidhani ni kitambaa cha kazi."

"Unayajua haya yote, na mchana kutwa umemwacha Mzungu anasema atamfukua ndugu yako."

"Nikisema, nitaambiwa nimempa mfungwa nguo. Nitafungwa mimi! Tena watu watajua nilivaa kanzu ya maiti siku ya kuzikwa kwake. Bora kufungwa."

Bi Sitara akauliza lile lililokuwa limemkalia rohoni, na sauti yake ikashuka.

"Shemeji. Mle ndani. Alimlazaje?"

Sadalla akashika kifungo cha koti lake.

"Ulikuwepo. Alimlazaje mume wangu?"

"Nilifumba macho."

"Nini?"

"Naogopa makaburi, shemeji, toka utotoni. Kaka alikuwa akinicheka. Niliposhuka tu nikafumba macho mpaka mbao zilipopangwa. Yeye ndiye aliyefanya kila kitu, mimi nafuata maneno yake. Aliniambia, shika hapa kiunoni. Akaniambia, taratibu, mzee huyu ana mgongo mbovu, usimkunje. Mgeuze kwangu. Pole pole. Hivyo hivyo. Lete udongo, tumwekee mto mgongoni asirudi nyuma. Akafungua mafundo ya sanda, nikasikia anasema bismillahi. Kisha…"

"Kisha?"

"Kisha akamwambia kaka, kama wanaoongea wawili sokoni: 'Haya mzee, tumefika. Sasa unaweza kunisahau.'"

Bi Sitara akajifunika uso kwa upande wa nguo yake. Sadalla akangoja kuulizwa jingine, hakuulizwa. Alisikia tu mle ndani mtu anavuta pumzi, ndefu, kama aliyeshushiwa mzigo kichwani. Mgongo mbovu! Hakimu alimtolea mzee kiti, na mtu aliyekuwa anangoja kufungwa akaona, akaweka akilini.

"Nenda kalale," akamwambia. "Kesho usiseme lolote. Mimi sitasema uongo. Na wewe usiseme kweli mpaka uulizwe."

Jumamosi asubuhi inspekta alirudi. Sheria ilimtaka awe na mtu wa jamaa wa kusimama naye kaburini, hivyo akasimamisha gari mlangoni kwa mfiwa. Nyuma ya gari, ndani ya karandinga, walikuwemo wafungwa kadhaa na majembe yao, chini ya ulinzi wa Kasmir, ambaye hakuwa amefukuzwa bado kwa sababu aliyepaswa kumfukuza alikuwa safarini. Mtaa mzima ulikuwa umejaa. Shaibu muuza kahawa naye alikuwepo, mguu umefungwa kitambaa, amekuja kuomba radhi nyumbani kwa maiti aliyemwamkia.

Kijakazi akatoka mlangoni. "Bwana mkubwa, mfiwa anataka kusema. Yuko eda, utamsikia kwa nyuma ya pazia."

Inspekta akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Wakamwingiza ukumbini, na waliotoshea wakaingia naye.

"Bwana mkubwa," sauti ya Bi Sitara ikatoka, tulivu, kama anayesomesha watoto juzuu, "mimi ni mjane, serikali siizuii. Nina swali moja. Mkifungua, na mume wangu hakuonekana amelala peke yake kama tulivyomweka, nani atanijibu?"

"Nani mwingine iko ndani? Bushiri iko ndani!"

"Mimi nasema kilichonifikia. Shaibu yupo hapo? Shaibu, uliona nini Alhamisi?"

Shaibu akasogea akichechemea. "Wallahi mama, nilimwona Mzee Mwinyimvua akipita Msimbazi, na kanzu yake ya darizi. Nikamwamkia, akaitikia."

"Saa ngapi?"

"Watu wako Kisutu wanazika, mama."

Ukumbi ukavuma. Mtu aliyekuwa karibu na mlango akagundua ana kazi nyumbani.

"Shaibu ni mwongo?" akauliza Bi Sitara.

"Hapana!" watu wakajibu. "Shaibu si mwongo."

"Kijakazi, sogeza sanduku hapo mlangoni, lifungue watu waone. Kanzu ya marehemu ya Ijumaa, ile ya melimeli, imo?"

Kijakazi akapekua mpaka chini. "Haimo!"

"Na mimi sikumzika nayo. Wanawake walioshuhudia sanda wapo hapa. Basi, bwana mkubwa. Nimesema yote ninayoyajua kuhusu kanzu na aliyeonekana nayo. Uamuzi ni wako."

Alikuwa amemwekea Mzungu ukweli mzima mbele yake, kama sinia la wali: mtu mrefu, kanzu iliyopotea, saa ya mazishi, njia ya Buguruni. Angetulia kidogo tu, akaunganisha kidole na kidole, angepiga mbio moja mpaka Buguruni. Bi Sitara aliuma kona ya nguo yake akangoja.

Inspekta alicheka.

"Ujinga! Upumbavu ya wenyeji! Maiti natembea! Maiti navaa kanzu! Mimi hapana kuja hapa sikiliza hadithi ya wanawake. Twende!"

Kasmir, aliyesimama mlangoni, alilitazama sanduku lililopekuliwa. Akalitazama koti la Sadalla, lililofungwa mpaka shingoni, na ile kanzu ya chini iliyoishia kwenye ugoko. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na mara ya mwisho alipotumia akili yake mwenyewe mambo yalikuwa yamemharibikia.

Wakaenda Kisutu. Habari ya sanduku ilifika kabla ya gari. Mchimba kaburi alikuwa ameacha kibuyu chake cha maji na haonekani. Wafungwa waliteremshwa, wakapewa majembe, wakasimama kama miti.

"Chimba!"

Mmoja wao, mtu wa makamo, akaweka jembe chini kwa adabu. "Bwana, niongezee mwaka. Jembe hapa sipigi."

"Mimi niongezee miwili," akasema mwenzake.

Inspekta akawageukia askari wake. Mmoja alikuwa amekumbuka kukaza kamba za viatu, mwingine tumbo limemshika. Hata mbwa, ambaye jana alikataa kuondoka, leo alikataa kushuka garini. Joto lilikuwa limemshinda, lakini watu walilisoma hilo kwa namna yao. Basi Mzungu akakunja mikono ya shati, akachukua jembe mwenyewe, akapiga mara moja. Udongo wa juu ulikuwa bado mpya, ukaporomoka ukamfunika kiatu. Akatazama huku na huku: kuta zimejaa watu, juu ya kuta watu, na mtaa mzima nyuma yao umenyamaza unamtazama Mzungu mmoja anayefukua maiti ya Mwislamu kwa mkono wake. Zilikuwa siku za kudai uhuru, ambazo serikali yenyewe ilikuwa inatembea kwa vidole mjini. Akautoa mguu wake. Akasema hali ya udongo hairuhusu.

Bushiri wa Buguruni hakuonekana tena. Walimtafuta Buguruni nyumba kwa nyumba, wakimwulizia mtu mwenye kifua wazi. Wengine walisema yuko Pemba analima karafuu, wengine Tanga, wengine walisema amekuwa imamu wa msikiti mdogo huko kusini na anasifiwa kwa kuzika vizuri. Inspekta alihamishwa. Kasmir alifukuzwa, akashindwa kurudi Rombo kwa aibu, akaanza kuuza maharage kwa kibaba pembeni ya soko. Na kwa kuwa kila mtu alitaka kununua kwa yule askari aliyengoja, baada ya muda akawa na duka la jumla. Kila unapofika mwaka wa Mzee Mwinyimvua, gunia la mchele hufika mlangoni kwa Bi Sitara, na mletaji husema tu limetoka kwa Mkristo.

Eda ilipokuwa inakaribia kwisha, Bi Sitara alimwita tena Sadalla nyuma ya pazia.

"Shemeji, mirathi itagawanywa. Kuna jambo. Kanzu ile si yangu peke yangu, warithi ni mimi na wewe. Ni desturi yetu nguo za maiti kupewa waliomhudumia. Aliyemlaza marehemu nani?"

"Shemeji, unajua nani."

"Basi mimi fungu langu nimelitoa sadaka kwake, Mungu shahidi. Nataka na wewe useme umeridhia, ili mtu yule popote alipo asiwe amevaa kitu cha wizi."

"Mwizi yule? Tumhalalishie?"

"Ulifumba macho, shemeji. Yeye hakufumba."

Kivuli kikainama. "Haya. Nimeridhia."

"Sema kwa moyo."

"Nimeridhia kwa moyo, na melimeli yake na darizi yake."

"Allah akutakabalie."

Sadalla hakuondoka. Alisimama pale, akajikuna kichwa chake, ambacho tangu siku ile kilikuwa kinavaa kofia ya kuazima.

"Lakini shemeji, kofia ilikuwa yangu."

"Najua."

"Ya vito, kazi ya sindano na mkono. Nimeishonesha Lamu."

"Basi hiyo useme mwenyewe na Mungu wako. Unamridhia?"

Sadalla akafikiri kwa muda mrefu sana.

"Kofia namdai," akasema.

Na Bi Sitara, ambaye hakuwa amecheka tangu mumewe alipougua, akauma upande wa nguo yake kwa meno, majirani wasimsikie.